Dinamo Husahau, Fundi Huikumbusha

 Wiki hii nimeamua kuziacha siasa zipumzike kidogo. Nataka tuzungumze juu ya chombo kimoja cha chuma na shaba, kisichozidi ukubwa wa kopo la rangi la lita nne, ambacho historia yake ni ndefu kuliko wengi wetu tunavyodhani, na ambacho mimi binafsi nina deni nacho. Chombo hicho ni dinamo. Lakini si dinamo ya kawaida. Ni ile inayofanya kazi mbili: kwanza inaiwasha injini, na injini ikishawaka inageuka na kuzalisha umeme. Kwa kuwa hatujaipa jina moja lililokubalika na wote, katika mazungumzo haya nitaiita dinamo-stata.

Nianze na mkono wa baba yangu mdogo.

Mwaka 1991 nilikuwa darasa la tano kijijini kwetu, wilayani Kilosa. Baba mdogo alikuwa na mashine ya kusaga iliyoendeshwa na injini ya dizeli ya Kiingereza, ile ya silinda moja yenye magurudumu mawili mazito ya chuma. Waliokulia vijijini wanaijua sauti yake, tuku, tuku, tuku, unaisikia ukiwa ng'ambo ya mto. Injini ile ilikuwa inawashwa kwa hendeli. Unanyanyua kishikizo kinachoacha vali wazi ili silinda isibane hewa, unazungusha hendeli kwa nguvu zako zote mpaka magurudumu yachukue kasi, halafu unashusha kishikizo. Ukikishusha wakati wake, injini inapokea. Ukikishusha mapema kabla kasi haijatosha, silinda inabana, mafuta yanawaka wakati pistoni haijafika juu, na injini inarudi nyuma kwa kishindo pamoja na hendeli yake.

Asubuhi moja ya mwezi wa Ramadhani baba mdogo alikishusha mapema. Hendeli ilirudi ikamvunja mkono juu kidogo ya kifundo. Nilikuwa pale nikisubiri kusaga mahindi ya nyumbani, na mlio ule wa mfupa ninaukumbuka hadi leo. Alifungwa plasta, na kwa majuma kadhaa mashine ilisimama, kwa sababu hakuna mtu mwingine pale kijijini aliyethubutu kuishika hendeli. Mama zetu wakarudi kwenye kinu na mchi, au wakabeba mahindi kichwani kwenda kijiji cha pili.

Kumbe baba mdogo hakuwa wa kwanza. Madaktari wa mifupa duniani wana jina maalumu la mvunjiko wa namna hiyo: wanauita mvunjiko wa dereva. Ulipata jina hilo mwanzoni mwa karne ya ishirini, wakati kila gari lilipokuwa likiwashwa kwa hendeli na madereva wakifika hospitalini na mikono iliyovunjika mahali palepale. Kwa hiyo historia ya dinamo-stata, ukiitazama vizuri, ni historia ya watu waliochoka kuvunjwa mikono.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1831 Mwingereza Michael Faraday alionyesha kwamba waya ukipitishwa karibu na sumaku, umeme unapita ndani ya waya. Hapo ndipo ulipotoka mzizi wa dinamo zote. Baadaye Mbelgiji aliyekuwa akifanya kazi Paris, Zénobe Gramme, alitengeneza dinamo iliyoweza kutoa umeme mwingi na wa kutegemewa. Mwaka 1873 yeye na mwenzake, Mfaransa Hippolyte Fontaine, walipeleka mashine zao kwenye maonyesho makubwa ya kimataifa mjini Vienna. Huko waliunganisha dinamo mbili kwa waya. Ya kwanza ilizungushwa na injini ikatoa umeme. Ya pili, ambayo haikuwa ikizungushwa na chochote, ilipopata umeme ule ikaanza kuzunguka yenyewe, na ikaendesha pampu ya maji mbele ya watazamaji.

Wapo wanaosimulia kwamba jambo hilo lilitokea kwa bahati, eti kibarua mmoja alikosea kuunganisha nyaya. Iwe ni bahati au makusudi, ulimwengu ulishuhudia jambo kubwa: dinamo na mota ni kitu kimoja. Ukiizungusha inakupa umeme. Ukiipa umeme inazunguka. Ni kama mlango, ambao ndio huohuo wa kuingilia na kutokea.

Ilichukua karibu miaka arobaini kabla mtu hajaitumia siri hiyo kwenye gari. Mtu mwenyewe alikuwa Charles Kettering wa mji wa Dayton, jimbo la Ohio, Marekani. Kettering hakuwa mtu wa magari. Alikuwa ameajiriwa katika kampuni ya kutengeneza mashine za kuhesabia fedha madukani, na kazi yake ilikuwa kuzifanya zifunguke kwa umeme badala ya mkono. Alipokuwa kwenye kazi hiyo alijifunza jambo moja muhimu. Droo ya fedha haihitaji mota inayofanya kazi mchana kutwa. Inahitaji mota ndogo inayotoa nguvu nyingi kwa muda mfupi tu, kisha ipumzike.

Mwaka 1909 yeye na mwenzake Edward Deeds walianzisha kampuni yao iliyokuja kujulikana kwa jina la Delco. Wakati huo mkuu wa kampuni ya Cadillac, Henry Leland, alikuwa anatafuta njia ya kuiondoa hendeli. Masimulizi yanayorudiwa sana ni kwamba rafiki yake, mtengenezaji wa magari aliyeitwa Byron Carter, alijeruhiwa na hendeli alipokuwa akimsaidia mama mmoja ambaye gari lake lilizimika, na kwamba jeraha hilo lilichangia kifo chake. Wanahistoria wamebishana sana juu ya undani wa kisa hicho, na mimi sitakiapia. Ambalo halina ubishi ni kwamba hendeli ilikuwa ikiumiza watu, na Leland alitaka ikome.

Wataalamu wengi wa wakati ule walisema haiwezekani. Walipiga hesabu, wakaona mota ya kuwasha injini ingekuwa kubwa karibu sawa na injini yenyewe. Kettering akawajibu kwa kazi: walikuwa wakihesabu mota ya kufanya kazi siku nzima, naye alihitaji mota ya kufanya kazi kwa sekunde chache. Magari ya Cadillac ya mwaka 1912 yalitoka kiwandani yakiwa na mtambo wake. Na mtambo ule, ndugu msikilizaji, ulikuwa ni dinamo-stata: mashine moja, kazi mbili. Wakati wa kuwasha, betri zilipangwa zikatoa volti 24. Injini ikishawaka, mashine ileile ilizichaji kwa volti 6 na kuwasha taa. Hataza ya uvumbuzi huo, ambayo Kettering aliiomba mwaka 1911, ilitolewa mwaka 1915.

Kampuni ya ndugu wawili, Dodge, ilipotoa gari lake la kwanza mwaka 1914, nayo iliweka dinamo-stata ya volti 12, iliyounganishwa na injini kwa mnyororo. Ford, aliyekuwa akiuza magari mengi kuliko wote, alikawia: gari lake mashuhuri la Model T lilianza kupewa stata ya umeme mwaka 1919. Kuanzia hapo mtu asiye na misuli, awe mzee au mama mwenye mtoto mgongoni, aliweza kuendesha gari la petroli bila kuomba msaada wa mpita njia.

Lakini ndoa ya kazi mbili haikudumu katika magari makubwa. Sababu ni rahisi kueleza. Kuwasha injini kunataka nguvu nyingi kwa mwendo mdogo. Kuzalisha umeme kunataka nguvu kidogo kwa mwendo mkubwa. Mashine moja ikitakiwa ifanye yote mawili, aghalabu haitafanya lolote kwa ukamilifu. Injini zilipozidi ukubwa, watengenezaji wakatenganisha: stata upande huu, dinamo upande ule. Mwaka 1960 kampuni ya Chrysler ikaanza kuweka altaneta katika gari lake la Valiant, na kwa miaka michache dinamo zenyewe zikaanza kutoweka barabarani. Altaneta ya kawaida ni nzuri, inachaji hata gari likitembea polepole, lakini ina dayodi zinazouruhusu umeme kupita upande mmoja tu. Huwezi kuichukua hivi hivi ukaipa umeme wa betri ukatarajia iiwashe injini. Ule mlango wa kuingilia na kutokea ukawa umewekewa kitasa.

Dinamo-stata ikakimbilia kwenye injini ndogo. Ujerumani iliwekwa kwenye vigari vidogo vya baada ya Vita Kuu ya Pili. Kimojawapo, Messerschmitt KR200, kilichotengenezwa kuanzia mwaka 1955, hakikuwa na gia ya kurudi nyuma kabisa. Ukitaka kurudi nyuma ulizima injini, ukaiwasha kwa kuizungusha upande wa pili, na kwa kuwa ilikuwa injini ya viharusi viwili ilikubali. Ukapata gia nne za kwenda mbele na nne za kurudi nyuma! Nchini Marekani dinamo-stata iliwekwa kwenye vigari vya uwanja wa gofu na kwenye matrekta madogo ya bustani ya miaka ya 1960, yale ya kukatia nyasi. Na hapo ndipo historia ya dunia inapokutana na mkono wa baba yangu mdogo.

Wasikilizaji wa Morogoro na Tanga wanajua habari ya mkonge. Mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa mwaka 1967, na bei ya mkonge nayo ilianguka, kwa kuwa dunia ilipata kamba za nailoni. Mashamba yakaingia msituni. Karakana zake, ambazo zilikuwa vyuo halisi vya ufundi kabla hatujawa na vyuo vingi, zikafungwa moja baada ya nyingine. Vyuma vilivyobaki vikalala kwenye nyasi. Katika shamba moja la jirani na kwetu, nyuma ya nyumba aliyowahi kuishi meneja, kulikuwa na trekta dogo la bustani la Kimarekani. Magurudumu yalikuwa yameshaondoka na injini imepasuka, lakini dinamo-stata yake ilikuwa bado imefungwa pale pale.

Fundi aliyeijua alikuwa Morogoro mjini. Alifundishwa kazi katika karakana ya shamba lile, na ilipofungwa alihamia mjini akafungua banda lake. Alipopata habari za baba mdogo alikuja na baiskeli yake na kifurushi cha gunia. Ndani ya gunia mlikuwa na dinamo-stata ile. Mimi nilipewa kazi ya kushika tochi, na kazi hiyo niliifanya kwa siku mbili.

Naomba nieleze alichokifanya, kwa sababu hakuna kitabu kilichoandika.

Kwanza aliifungua. Akasafisha kwa msasa laini ile sehemu ya shaba ambapo kaboni zinagusa, akaweka kaboni mpya alizochonga kutoka kwenye kaboni kubwa za stata ya lori. Beringi moja ilikuwa imekwisha, akaibadilisha. Kisha akapima gurudumu zito la injini yetu. Lilikuwa na upana wa sentimeta 60 kutoka ukingo hadi ukingo, na puli ya dinamo ilikuwa na sentimeta 10. Akaniuliza, "Sitini kwa kumi ni ngapi, mwanafunzi?" Nikasema sita. "Basi," akasema, "dinamo itazunguka mara sita injini ikizunguka mara moja. Wakati wa kuwasha, hiyo sita ndiyo inayompa dinamo nguvu za kulisukuma gurudumu zito kama hili." Injini za aina ile huzunguka mara 650 kwa dakika, mara sita ni 3,900, mwendo ambao dinamo ile iliuweza bila kuungua. Mkanda aliupitisha moja kwa moja juu ya gurudumu, wala hakuhitaji kuchonga puli kubwa.

Alihakikisha pia kwamba dinamo inazunguka upande ule ule iliouzoea. Alipoona injini yetu inazunguka kinyume, aliigeuza dinamo ikatazama upande wa pili. Kwa kuishikilia alichomelea kipande cha chuma chenye tundu refu, ili mkanda ukilegea mtu asogeze dinamo na kukaza boliti. Nyaya za betri alitumia zile nene za stata ya lori, kwani, alisema, waya mwembamba kwenye stata ni sawa na kunywesha ng'ombe kwa kijiko. Kisanduku cha kudhibiti chaji alikitoa kwenye Land Rover ya zamani.

Jioni ya siku ya kwanza akabonyeza swichi. Dinamo ikanguruma, nyaya zikapata moto, wala haikuzunguka. Baba mdogo, mkono ukiwa kwenye plasta, akatikisa kichwa akaenda kula. Fundi alikaa pale mpaka usiku akiitazama. Asubuhi alikuwa amepata jibu. Dinamo ilikuwa ya Kimarekani na kisanduku kilikuwa cha Kiingereza, na wazungu hawa wawili hawakufunga waya kwa mtindo mmoja. Katika dinamo ile, koili za sumaku zilipata umeme kwa ndani na kuutolea nje kupitia kisanduku mpaka kwenye bodi. Kisanduku cha Land Rover kilitarajia kinyume chake: kipeleke umeme kwenye koili kutoka nje, nazo ziutolee ndani kwenye bodi. Kwa hiyo ncha zote mbili za koili zilikuwa zinapata umeme ule ule, hakuna kilichopita, na bila sumaku mota haina nguvu. Akaifungua tena, akahamisha ncha moja ya waya akaifunga kwenye bodi ya dinamo. Kazi ya nusu saa, lakini usiku mzima wa kufikiri.

Lilibaki jambo moja. Dinamo ile ilikuwa imelala kwenye nyasi miaka mingi. Fundi akatueleza kwamba ndani ya chuma cha dinamo hubaki usumaku kidogo hata ikiwa imezimwa, na kwamba usumaku huo mdogo ndio unaoanzisha umeme inapozungushwa. Ikilala muda mrefu, au ikifunguliwa na kugongwagongwa, husahau. Akachukua waya kutoka kwenye betri, akagusisha kwenye dinamo kwa kufumba na kufumbua, cheche ndogo ikaruka. "Nimeikumbusha," akasema.

Kisha akanyanyua kishikizo cha vali, akabonyeza swichi. Magurudumu yakaanza kuzunguka pole pole, yakachukua kasi, akashusha kishikizo. Tuku, tuku, tuku. Hakuna mkono wa mtu uliogusa hendeli. Akaachia swichi, na sindano ya ameta iliyokuwa imelala upande wa kutoa ikavuka ikaenda upande wa kuingiza. Injini iliyowashwa na betri sasa ilikuwa inailisha betri. Na kisanduku kilikuwa na katauti inayokata mawasiliano injini ikizimwa, ili betri isirudi kuizungusha dinamo bure usiku kucha.

Kuanzia siku ile mashine ya baba mdogo ilikuwa na taa mbili. Kina mama waliotoka shambani jioni waliweza kusaga hata saa mbili usiku. Na kwa kuwa betri ilikuwa imejaa kila siku, baba mdogo aliunganisha redio yake pale, na taarifa ya habari ya saa mbili ikawa inasikilizwa na kijiji kizima juu ya magunia ya mahindi. Watu huniuliza nilianzaje kazi hii ya redio. Nilianzia pale.

Sasa, ndugu msomaji, usidhani kwamba mambo haya ni ya watu maskini peke yao. Mwishoni mwa miaka ya 1970, dunia ilipokuwa inalia na bei ya mafuta, Mmarekani mmoja wa Springdale, jimbo la Arkansas, aliyeitwa David Arthurs, alifanya jambo ambalo fundi wetu angelielewa mara moja. Alichukua gari dogo la Opel GT, akatoa injini yake. Mahali pake akaweka mashine ya kuwashia injini za ndege, iliyokwisha kuondolewa kazini, naye akaitumia kama mota ya kuendeshea magurudumu. Umeme wake ulitoka kwenye betri, na betri zilichajiwa na injini ndogo ya kukatia nyasi. Ubadilishaji wote ulimgharimu kiasi cha dola 1,500. Jarida la Mother Earth News lilitangaza habari zake mwaka 1979: gari lilikwenda maili 75 kwa galoni moja, yaani karibu kilometa 32 kwa lita. Wasomaji wapatao 60,000 waliandika kuomba michoro yake.

Miaka kumi na minane baadaye, Desemba 1997, Toyota ilianza kuuza Japani gari la Prius. Ndani yake mna mashine mbili za umeme, na mojawapo kazi yake ni kuiwasha injini na kuzalisha umeme. Ile ndoa iliyovunjika imefungwa upya. Magari ya namna hiyo leo yanapita Nairobi na Dar es Salaam kwa wingi. Zipo pia pikipiki ambazo altaneta yake ndiyo stata yake, na zinawaka kimya bila ule mlio wa meno ya stata. Na kwenye baadhi ya ndege kazi hizo mbili hufanywa na mashine moja: zile Cessna Caravan zinazotua kwenye viwanja vya vumbi vya mbuga zetu zinawashwa na dinamo-stata, ambayo injini ikishawaka inazilisha umeme njia nzima.

Kwa hiyo fundi wa Morogoro, mwaka 1991, hakuwa nyuma ya wakati. Alikuwa katikati ya historia, ila hakuna aliyemwandika.

Ni kweli kwamba nchi zetu zimejaribu. Tanzania ilianzisha SIDO mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo. Kenya, baada ya ripoti ya Shirika la Kazi la Kimataifa ya mwaka 1972 iliyowaangalia watu hawa kama nguvu ya uchumi na si kama wazururaji, ilifika mahali pa kuandika sera ya serikali juu ya jua kali mwaka 1992. Hayo ni mema. Lakini sera huhesabu mabanda na mikopo. Haiandiki kwamba dinamo ya Kimarekani haikubali kisanduku cha Kiingereza mpaka uhamishe ncha moja ya waya.

Na hapa sina budi kukiri. Baba mdogo alifariki mwaka 2011. Umeme wa gridi ulikuwa umeshafika kijijini, na mashine ya dizeli ilikuwa imenyamaza. Mimi ndiye niliyetumwa na ukoo kuiuza. Akaja mnunuzi wa chuma chakavu na mizani yake, nikamuuzia injini, magurudumu, na dinamo ikiwa bado imefungwa. Shaba alilipa bei ya juu kidogo. Nikaona nimefanya biashara.

Mwaka jana nilikwenda kumsalimu yule fundi, ambaye sasa ni mzee sana na macho yamefifia. Nilitaka nirekodi sauti yake kwa ajili ya mazungumzo haya. Nikamwamkia, "Shikamoo fundi." Akaitika, "Marahaba mwanangu. Wewe si yule wa tochi?" Nikasema ndiye. Tukazungumza, akacheka, akaniuliza, "Na dinamo yangu mnayo bado?"

Nikadhani amesahau. Nikamwambia, "Si ile uliyomuuzia baba mdogo?"

Akasema, "Sikumuuzia. Nilimwazima aitumie mpaka apate stata yake. Kila mwaka alikuwa ananiletea debe la unga, ananiambia, fundi, bado sijapata."

Nilikosa la kusema. Akauliza, "Mliiuza kwa kilo?" Nikajibu kwa kilo. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Basi ieleze huko redioni ilivyofungwa. Ueleze na lile la ncha ya waya, usiliruke. Na usiseme ni maajabu. Sema ni kazi."

Ndugu msikilizaji, deni hilo ndilo ninalolilipa leo, nalo halitoshi. Dinamo imekwisha kuyeyushwa, hairudi. Lakini nina ombi kwako wewe wa mjini uliye na karakana ya marehemu baba, au banda la babu lenye vyuma ambavyo huvijui. Kabla hujamwita mwenye mizani, mwite kwanza fundi mzee wa mtaani kwako. Muulize hiki ni nini, kilikuwa cha nani, kilifanyaje kazi. Andika anachokuambia, hata nyuma ya daftari la shule. Na vyuo vyetu vya ufundi navyo visione aibu kumkaribisha mzee asiye na cheti akae mbele ya darasa asubuhi moja.

Dinamo ikilala muda mrefu husahau kazi yake, na cheche moja huikumbusha. Lakini lazima awepo anayejua waya wa kugusisha.

Hadi wiki ijayo majaliwa, kwaherini.